Roberto Goizueta wa Coca-Cola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja jina la Goizueta, wengi hukumbuka kosa moja la mwaka 1985: kubadili ladha ya Coca-Cola. Kosa lilikuwepo, nasi tumelieleza hapa chini. Lakini kazi iliyoibadili Coca-Cola haikuwa ya ladha. Ilikuwa ya mtaji: unakaa wapi, unagharimu kiasi gani, na nani anaubeba. Ndiyo maana maswali ya hesabu yamepewa nafasi kubwa kuliko ya matangazo.

Goizueta alikuwa nani, kwa kifupi?

Roberto Crispulo Goizueta alizaliwa Havana, Kuba, tarehe 18 Novemba 1931, akafariki Atlanta, Marekani, tarehe 18 Oktoba 1997. Kuanzia Machi 1981 hadi kifo chake alikuwa mwenyekiti wa bodi na mtendaji mkuu wa The Coca-Cola Company. Alipokabidhiwa ofisi, hisa zote za kampuni zilikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 4 sokoni. Alipofariki zilikuwa zimekaribia bilioni 150.

Jina hutamkwa "Goi-swe-ta". Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwa maneno mengi ya Kiswahili, hivyo msomaji wetu hana sababu ya kulikosea.

Alisomea nini, na aliingiaje Coca-Cola?

Alisoma shule ya Wajesuiti ya Belén mjini Havana, kisha mwaka mmoja Cheshire Academy huko Connecticut, halafu Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu uhandisi wa kemikali mwaka 1953. Familia yake ilikuwa na biashara ya sukari na nafasi ilikuwa ikimsubiri huko. Mwaka 1954 aliona tangazo gazetini: anatafutwa mkemia anayejua Kihispania na Kiingereza. Tangazo lilikuwa la Coca-Cola. Alianza kazi Julai mwaka huo, chini kabisa ya ngazi.

Baba yake alimkopesha fedha za kununua hisa 100 za kampuni iliyomwajiri, kwa hoja kwamba mtu asimfanyie kazi mwingine bila kuwa na sehemu ya mali. Hisa hizo ziliwekwa New York. Mwisho wa ukurasa huu tumezipigia hesabu.

Kwa nini aliondoka Kuba, na kuhama kuliathirije kazi yake?

Fidel Castro alishika madaraka Januari 1959, na mwaka uliofuata mali za kampuni za Marekani nchini humo zikataifishwa, viwanda vya Coca-Cola vikiwemo. Goizueta na familia yake walihamia Miami mwaka 1960. Mwenyewe alisimulia kwamba alibaki na dola 40 na zile hisa 100.

Kampuni ilimbakiza kazini. Alisimamia masuala ya kiufundi ya eneo la Karibi akiwa Bahamas, kisha akahamishiwa makao makuu Atlanta katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1966 akawa makamu wa rais upande wa ufundi, kijana kuliko wote waliowahi kushika wadhifa huo kwenye kampuni. Waliomwona kama "mtu wa maabara" walipitiwa na jambo moja: mkuu wa ufundi katika kampuni ya soda ndiye anayejua kila kiwanda kinapoteza nini, kwenye maji, sukari, gesi, chupa na muda wa mitambo.

Alipataje uongozi ilhali hakuwa anatajwa sana?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwenyekiti J. Paul Austin alikuwa mgonjwa na kampuni ilikuwa imepoa. Mwaka 1979 liliundwa kundi la makamu wenyeviti kadhaa, kila mmoja akiutazama ukuu. Aliyepewa nafasi kubwa midomoni mwa watu alikuwa Donald Keough, muuzaji hodari na msemaji mzuri.

Kura iliyokuwa na uzito ilikuwa ya mzee Robert Woodruff, aliyeiongoza Coca-Cola tangu 1923 na ambaye neno lake lilisikilizwa hata baada ya kustaafu. Goizueta alikuwa karibu naye. Mei 1980 akateuliwa rais wa kampuni, na Machi 1981 akawa mwenyekiti na mtendaji mkuu. Kisha akafanya jambo la busara ambalo wengi wakishinda hawalifanyi: alimchukua Keough kuwa rais na msimamizi wa shughuli za kila siku. Walifanya kazi pamoja hadi Keough alipostaafu mwaka 1993. Mmoja alihesabu, mwingine alizunguka kwa wajazaji (kampuni zinazotia soda kwenye chupa) na wateja.

Hatua zake za kwanza zilikuwa zipi?

Mwaka 1981 aliwakusanya wakuu wa maeneo yote California na kuwapa waraka mfupi wa mkakati wa miaka ya 1980. Ujumbe wake ulikuwa kwamba hakuna kitu kisichoguswa: wala fomula, wala desturi ya kutokopa, wala mikataba ya zamani. Kisha kila mkuu wa kitengo aliitwa Atlanta kutetea mpango wake wa miaka mitatu, namba kwa namba. Vikao hivyo vilibatizwa jina la mahakama ya kale ya Kihispania iliyowahoji wazushi, na si kwa utani mtupu.

Swali alilowauliza lilikuwa jepesi kulisikia na gumu kulijibu: mtaji uliopewa unagharimu asilimia ngapi kwa mwaka, na wewe unarudisha asilimia ngapi?

"Faida ya kiuchumi" ni nini, na inakokotolewaje?

Hiki ndicho kipimo alichokifanya kuwa lugha ya kampuni, akakifunga na marupurupu ya mameneja. Faida ya kawaida ya kihasibu hutoa riba ya mikopo lakini haitozi chochote kwa fedha za wanahisa, kana kwamba ni za bure. Faida ya kiuchumi huzitoza.

Fanya hivi:

1. Chukua faida ya uendeshaji ya kitengo, toa kodi.
2. Jumlisha mtaji unaotumika kwenye uendeshaji: mitambo, majengo, magari, bidhaa zilizo ghalani, na madeni ya wateja, ukitoa unachodaiwa na wauzaji wa malighafi. Tumia wastani wa mwaka, si namba ya siku ya mwisho. Meneja mjanja humwaga ghala lote Desemba ili mtaji uonekane mdogo.
3. Zidisha mtaji huo kwa gharama yake, yaani mchanganyiko wa riba ya mikopo baada ya kodi na faida ambayo mwanahisa angeipata kwingine penye hatari ileile.
4. Toa jibu la hatua ya tatu kutoka la hatua ya kwanza.

Kwa namba za mfano tu: kitengo kina mtaji wa milioni 100, faida baada ya kodi ni milioni 9, gharama ya mtaji ni asilimia 12. Vitabu vitasema kimepata milioni 9. Kipimo hiki kitasema kimepoteza milioni 3. Njia za kukiponya ni tatu: kuongeza faida kwa mtaji uleule, kupunguza mtaji kwa faida ileile, au kukiuza. Kukuza mauzo peke yake hakumo kwenye orodha, na hapo ndipo mameneja wengi wa mauzo walipobanwa.

Hilo lilibadilisha nini kiwandani?

Mfano unaotajwa zaidi ni vyombo vya kusafirishia konsentreti (kiini cha soda kabla ya kutiwa maji) na shira. Zamani vilikuwa vya chuma cha pua, vinarudi na kujazwa tena. Kwa macho ya gharama za mwezi, chombo kinachorudi ni rahisi. Kwa macho ya mtaji, sivyo: chukulia vyombo vimefunga milioni 10; kwa asilimia 12 hiyo ni milioni 1.2 kila mwaka kabla hujahesabu uchakavu, kuviosha, na kuvisafirisha vikiwa vitupu. Kampuni ikahamia vyombo vya kutupwa vya boksi na plastiki. Gharama za uendeshaji zilipanda kidogo, mtaji ukashuka zaidi.

Tahadhari kwa anayetaka kuiga: hesabu hii hugeuka pale ambapo chombo cha kutupwa kina gharama ya taka au chombo kinachorudi kinazunguka haraka. Chombo kinachotumika mara 30 kwa mwaka na kile kinacholala ghalani miezi minne havistahili jibu moja.

Aliuza nini na kununua nini?

Alivyoviuza vilikuwa vile vilivyoshindwa mtihani wa mtaji. Aqua-Chem, kampuni ya mitambo ya kusafisha maji iliyonunuliwa mwaka 1970, iliuzwa mwaka wa kwanza wa uongozi wake. Biashara ya mvinyo ilikwenda kwa Seagram, kampuni ya vileo, mwaka 1983. Mvinyo una heshima mezani, lakini hulala kwenye mapipa miaka na miaka huku mtaji ukilipiwa.

Alichonunua kiliwashangaza watu: mwaka 1982 alichukua studio ya filamu ya Columbia Pictures, kwa takriban dola milioni 750. Wachambuzi walimcheka. Mwaka 1989 Sony waliinunua kwa dola bilioni 3.4, na Coca-Cola, iliyokuwa imebaki na asilimia 49, ikapata takriban bilioni 1.5. Faida ilikuwa nono, lakini tusimpambe kupita kiasi: filamu hazikuwahi kuingiliana na soda kama ilivyodaiwa mwanzoni. Alijua kutoka kwa wakati mzuri, basi.

Diet Coke ilikuwa uamuzi mkubwa kiasi gani?

Mkubwa sana, na hausemwi vya kutosha. Kampuni ilikuwa na soda isiyo na sukari, Tab, tangu 1963, lakini jina Coke halikuwa limepewa kinywaji kingine chochote tangu 1886. Wanasheria waliogopa kwamba ukilitumia jina kwa bidhaa nyingine unalidhoofisha. Goizueta aliruhusu, na Diet Coke ikazinduliwa mwaka 1982, ikitiwa utamu kwa sakarini kwanza na baadaye aspatemu. Ndani ya miaka michache ilikuwa miongoni mwa soda zinazouzwa zaidi Marekani.

Basi New Coke ilikuwaje? Mtu makini hivyo alikoseaje?

Tangu 1975 Pepsi ilikuwa ikiendesha majaribio ya hadharani ya kuonja bila kuonyeshwa jina, na watu wengi walichagua Pepsi, iliyo tamu zaidi. Sehemu ya soko ya Coca-Cola madukani ilikuwa inamomonyoka. Mafundi wakatengeneza fomula mpya, wakaijaribu kwa watu wapatao 190,000, na wengi wakaipenda kuliko Pepsi na kuliko Coca-Cola yenyewe. Tarehe 23 Aprili 1985 ikatangazwa New York, na ile ya zamani ikaondolewa.

Simu za malalamiko zilipanda kutoka kama 400 kwa siku hadi 1,500. Tarehe 11 Julai, baada ya siku 79, kampuni ikairudisha ya zamani kwa jina la Coca-Cola Classic.

Makosa yalikuwa kwenye upimaji, na yanafaa kujulikana na yeyote anayefanya utafiti wa bidhaa:

- Funda moja si chupa nzima. Kinywaji kitamu zaidi hushinda kwa funda moja na huchosha kwenye chupa ya tatu.
- Waonjaji hawakuambiwa wazi kwamba wakichagua kipya, cha zamani kitakufa. Walijibu swali la ladha. Hawakuulizwa swali la kunyang'anywa.
- Wachache waliokasirika wakati wa utafiti walihesabiwa kama asilimia ndogo. Katika vikundi vya mazungumzo, wachache hao hao waliwageuza wenzao. Ndivyo ilivyotokea mtaani pia.
- Kuondoa na kuleta vilifanywa siku moja, kwa sababu kampuni haikutaka koka mbili zishindane na kugawana rafu. Sababu hiyo ilikuwa na mantiki kwenye karatasi, lakini iliziba njia ya kurudi nyuma.

Kinachostahili sifa ni kasi ya kurudi. Alishindwa Aprili, akakiri Julai, na mauzo ya Classic yakapanda.

Ni kweli New Coke ilikuwa hila ya kuficha mabadiliko ya sukari?

Hapana. Kampuni iliwaruhusu wajazaji wa Marekani kutumia shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi kwa nusu ya utamu tangu 1980, na kwa utamu wote kufikia 1984. Mabadiliko yalikwisha kufanyika kabla ya New Coke kutoka. Nadharia ya hila inapendwa kwa sababu inamfanya kila mtu aonekane mjanja.

Kwa nini wajazaji wa soda ni muhimu hivyo?

Kampuni mama huuza konsentreti. Mjazaji huongeza maji, utamu na gesi, hutia kwenye chupa au kopo, hupakia lori, hufikisha dukani. Konsentreti hutaka mtaji mdogo na hurudisha faida kubwa. Ujazaji hutaka mitambo, maghala na magari, na faida yake ni nyembamba. Ugomvi wa kudumu uko hapo: mwenye konsentreti anataka chupa nyingi zaidi ziuzwe, mjazaji anataka kila chupa imwachie kitu.

Nchini Marekani tatizo lilikuwa na mizizi ya tangu 1899, pale haki ya kujaza ilipotolewa kwa dola 1 na bei ya shira ikafungwa kwenye mkataba usio na mwisho. Mkataba ulirekebishwa mwaka 1921 na tena 1978, lakini bado kulikuwa na familia nyingi zilizoridhika na maeneo yao na hazikutaka kuwekeza. Goizueta na Keough walisukuma mauziano: mjazaji aliyelala auze kwa aliye macho. Nje ya Marekani walianza na Ufilipino mwaka 1981, wakachukua asilimia 30 ya ujazaji kwa ubia na kampuni ya huko ya San Miguel, kwa sababu Pepsi ilikuwa inawapiku huko vibaya.

Mbinu ya asilimia 49 ilifanyaje kazi?

Mwaka 1986 wajazaji wawili wakubwa waliingia sokoni kwa wakati mmoja, na Coca-Cola ikawanunua kwa jumla ya dola bilioni 2.4 hivi. Deni hilo na mitambo hiyo vingeharibu mizania (hesabu ya mali na madeni) ya kampuni mama. Mkuu wa fedha, Douglas Ivester, akasuka suluhisho:

1. Ujazaji wote ukawekwa kwenye kampuni mpya, Coca-Cola Enterprises, pamoja na madeni yake.
2. Novemba 1986 asilimia 51 ya hisa zikauzwa kwa umma, zikaleta takriban dola bilioni 1.18.
3. Kampuni mama ikabaki na 49. Kwa kuwa haikuvuka nusu, sheria za uhasibu hazikuilazimu kuunganisha vitabu. Kwenye mizania yake uliingia uwekezaji mmoja tu, na kwenye faida yake sehemu yake ya faida ya mjazaji.

Asilimia 49 zilitosha kuendesha mambo, na hazikutosha kubeba madeni. Mbinu hiyo ikasambazwa kwa "wajazaji nanga", yaani wajazaji wakubwa wa kutegemewa, katika mabara mengine.

Na udhaifu wake?

Anayepanga bei ya konsentreti ndiye pia mwenye hisa kubwa zaidi kwa mnunuzi. Kampuni mama ikihitaji faida ya robo mwaka, kishawishi ni kupandisha bei au kusukuma konsentreti kwa mjazaji ambaye hawezi kukataa. Mjazaji anabaki na deni, mitambo inayozeeka, na faida inayobanwa. Isitoshe, kununua na kuuza hisa za wajazaji kulileta faida za mara moja zilizofanya ukuaji uonekane laini kuliko ulivyokuwa.

Gharama ililipwa na waliokuja baada yake. Ivester alimrithi Oktoba 1997 na mwishoni mwa 1999 akatangaza kuondoka, mwaka ambao bei ya konsentreti ilipandishwa na wajazaji wakacharuka. Mwaka 2010 kampuni ililazimika kuzinunua shughuli za Amerika Kaskazini za Coca-Cola Enterprises, na kufikia 2017 ilikuwa imezigawa upya kwa wajazaji wa maeneo. Huwezi kumlaumu marehemu kwa kila kitu, ila mfumo ulikuwa wake.

Ni kweli alishindana na maji na kahawa?

Ndiyo, na hili lilikuwa wazo lake bora la uuzaji. Mameneja walijisifu kwa sehemu kubwa ya soko la soda. Yeye akabadilisha kigawanyo: binadamu anahitaji aunsi 64 za kimiminika kwa siku, karibu lita 1.9, na Coca-Cola ilikuwa inampa chini ya aunsi 2. Ghafla kampuni inayoongoza ikawa ndogo. Ajabu ni kwamba kampuni yenyewe ilichelewa kuingia kwenye maji ya chupa Marekani. Dasani ilikuja 1999, Pepsi ikiwa tayari na Aquafina.

Warren Buffett aliingia vipi?

Mwekezaji huyo wa Marekani alianza kununua hisa mwaka 1988, baada ya anguko la soko la hisa la Oktoba 1987. Kufikia 1989 alikuwa ametumia takriban dola bilioni 1.02, na kufikia 1994 takriban bilioni 1.3 kwa hisa milioni 100, ambazo baada ya migawanyo ya hisa ya 1996 na 2012 (kila moja ikawa 2) ni milioni 400. Alipenda hasa kwamba kampuni ilikuwa ikinunua hisa zake yenyewe kwa fedha zisizo na kazi bora, jambo ambalo Goizueta alilianza mwaka 1984.

Malipo yake yalizua mjadala gani?

Mwaka 1991 alipewa hisa milioni 1 zenye masharti, thamani yake ikizidi dola milioni 80. Wakosoaji walipiga kelele. Kwenye mkutano wa wanahisa wa 1992 alijitetea, na wanahisa wakampigia makofi. Nao walikuwa wametajirika. Alikuwa miongoni mwa watendaji wa kwanza kuwa bilionea kwa hisa za kampuni ambayo hakuianzisha. Sehemu ya mali hiyo ilikwenda kwenye wakfu wa familia, na shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Emory ina jina lake tangu 1994.

Alifariki kwa nini?

Saratani ya mapafu. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na kati ya kugunduliwa ugonjwa na kifo haikutimia miezi miwili.

Zile hisa 100 za mwaka 1954 zilikuwa ngapi mwishoni?

Fuata migawanyo ya hisa za Coca-Cola: 1960 kila moja ikawa 3; 1965, 1968 na 1977 kila moja ikawa 2; 1986 ikawa 3; 1990, 1992 na 1996 ikawa 2. Zidisha 3 × 2 × 2 × 2 × 3 × 2 × 2 × 2, unapata 576. Hisa 100 zilikuwa 57,600 alipofariki. Bei ya wakati huo ilikuwa dola 60 hivi, kwa hiyo thamani ni takriban dola milioni 3.5, bila kuhesabu gawio la miaka 43. Mgawanyo wa 2012 ungezifikisha 115,200.